Kishikio cha Mtungi

Inspekta Risper Auma alipanga gilasi tatu juu ya ukuta mfupi wa veranda ya kituo, akazitia zote maziwa ya ngamia aliyoyanunua asubuhi hiyo. Ya kwanza aliiacha kama ilivyo. Ya pili aliitia kijiko cha tumbaku kutoka mkebe wa mshukiwa. Ya tatu aliitia konzi nzima. Kisha akavuta kiti, akaketi, akangoja.

Askari wa zamu walimchungulia dirishani kama watu waliokuja kwa mganga.

"Afande, hiyo ya tatu hata mbuzi hanywi," alisema Konstebo Abdishakur, kijana wa Wajir aliyepewa kazi ya kumtafsiria.

"Na ya pili?"

Abdishakur aliinama, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Ya pili mbuzi atakunywa akiwa na shida nyumbani kwake."

Maziwa ya gilasi ya pili yalikuwa yamegeuka rangi ya maji ya mto Tana baada ya mvua. Risper alichovya ncha ya kidole, akaonja, akatema, akaenda bombani kusukutua mdomo. Bombani hakukuwa na maji. Alirudi akijifuta kwa leso.

"Mtu anaweza kunywa kikombe kizima cha hii asijue?"

"Macho yatakataa kabla ya mdomo, afande."

Hilo ndilo alilotaka kulijua. Jumanne iliyopita, huko Bulla Iftin, Bishara, mke wa dalali wa mifugo aitwaye Barre, alipika chai ya maziwa akanywa pamoja na kaka yake Nunow. Kabla ya adhuhuri wote wawili walikuwa wamekufa, baada ya kutapika, kutokwa na mate na kutetemeka mwili mzima. Walizikwa siku hiyo hiyo kama dini inavyotaka, kwa hiyo daktari hakupata maiti ya kupasua. Ilibaki chupa ya chai tu, na chupa hiyo ilipelekwa Nairobi kwa mkemia. Jibu lilirudi kwa neno moja: nikotini.

Neno hilo lilimtosha Inspekta Mkuu Kioko, mkuu wa kituo. Maziwa yalitoka kwa Khadro, muuzaji wa Soko Mugdi. Khadro alikuwa mke wa Barre kabla ya kupewa talaka. Ndani ya kikapu chake mlikuwa na mkebe wa tumbaku ya kutafuna. Nyumba nyingi zilinunua maziwa kutoka mtungi ule ule asubuhi ile na hakuna aliyeumwa hata tumbo. Basi Kioko alisema jambo lililoonekana wazi: sumu ilitiwa kwenye maziwa ya Bishara peke yake, na aliyeitia ni yule aliyempimia. Jumatatu Khadro angepelekwa na msafara wa magari yenye ulinzi akasomewe shtaka la kuua, na adhabu ya kosa hilo ni kitanzi.

Sasa ilikuwa Ijumaa.

Risper aliingia ofisini, akapigia Nairobi simu. Laini ilikatika mara mbili kabla ya kumpata mkemia.

"Tumbaku ya mkebe mmoja ingetosha?" aliuliza.

"Kutoa kiasi nilichokiona kwenye chai ile? Labda gunia. Na ungelazimika kuichemsha na kuikamua kama mtu anayetengeneza pombe."

"Basi ilitoka wapi?"

"Kuna dawa ya zamani ya kunyunyizia wadudu mashambani. Hutengenezwa kwa mabaki ya viwanda vya tumbaku. Nikotini yake imekolezwa, nzito kama asali mbichi. Hata ikikumwagikia mkononi inapenya ngozi. Mashamba mengi yameacha kuitumia, lakini maghala hayasahau."

"Ina harufu?"

"Ya samaki aliyeoza, na tumbaku kwa mbali. Ukitia tangawizi nyingi na sukari nyingi, huenda usihisi mpaka umeshameza."

Risper aliweka simu chini. Chai ya Bishara ilikuwa na tangawizi; jirani aliyeokota kinu chake cha viungo alisema hivyo.

*

Barre alikuwa Soko Ng'ombe, katikati ya vumbi, amesimama bega kwa bega na mnunuzi. Mikono yao ya kulia ilikuwa imefichwa chini ya shuka moja, vidole vikisemezana bei ambayo mtu wa tatu hakupaswa kuijua. Alipomwona Risper aliutoa mkono wake, na mnunuzi akaguna kwa hasira.

"Afande, umenivunjia ng'ombe mmoja," alisema Barre. Macho yake yalikuwa mekundu, ndevu zimeachwa bila kuchanwa.

"Pole kwa msiba, mzee. Maswali machache tu. Asubuhi ile wewe hukunywa chai?"

"Nilikuwa hapa tangu swala ya alfajiri. Uliza mtu yeyote. Uliza hata hawa ng'ombe."

"Unatafuna tumbaku?"

Barre alitema kando, mate ya kahawia. "Unaona mwenyewe. Sasa mimi ndiye niliua? Niue mke wangu na shemeji yangu, halafu nibaki na nani, na huyu mnunuzi?"

"Sijasema hivyo. Khadro na Bishara walikuwa wanagombana?"

"Wanawake wawili, mwanamume mmoja, mji mdogo. Wewe mwanamke, unajua." Alijikuna shingo. "Khadro ana moyo mgumu. Maziwa yake ni mazuri kuliko ya wote, kwa hiyo Bishara alinunua kwake. Mimi nilimwambia, tafuta muuzaji mwingine. Akasema, pesa yangu ni kama ya wengine. Basi Khadro alikuwa anamfanyia dharau. Bishara akija mapema, anawekwa kando. Wanapimiwa wote, watoto, watumishi, mpaka wapita njia. Bishara anapimiwa wa mwisho. Kila siku wa mwisho. Soko lote linacheka."

"Kwa hiyo alimaliziwa mtungi."

"Ndiyo. Makombo, afande. Mke wangu alipewa makombo, na ndani ya makombo akapewa kifo."

Walipokuwa wakirudi kwenye gari, Abdishakur alisema, "Amejimaliza huyo mama. Kama ndiye anachagua nani awe wa mwisho, basi anajua nani atakufa."

"Au hajui kilichokuwa chini ya mtungi," alisema Risper. "Tukamuulize."

*

Khadro alikuwa amekaa kwenye sakafu ya seli, mgongo ukutani, amejifunika shungi mpaka kwenye nyusi. Hakusimama. Abdishakur alimwita eeddo, yaani shangazi, kwa adabu, na yeye akajibu kwa Kiswahili cha sokoni, kama vile anamwonyesha Risper kwamba hahitaji mkalimani.

"Wewe tena. Umeleta maswali au umeleta maji?"

Risper alikuwa ameleta vyote viwili. Khadro alikunywa, akarudisha kikombe.

"Ni kweli Bishara ulimpimia wa mwisho?"

"Kweli. Kila siku. Wallahi, kama angekuja usiku ningemwambia ngoja asubuhi, halafu ngoja tena. Alichukua nyumba yangu. Mimi nilichukua dakika zake."

"Jumanne uliyapima vipi hayo ya mwisho?"

"Vipi tena? Mtungi ukiisha, unainua juu, unageuza kichwa chini, unatingisha. Maziwa ya ngamia wakati wa kiangazi hayaachwi hata tone."

"Kwa hiyo uliugeuza kabisa."

"Kabisa. Nikatingisha mpaka mkono ukauma."

"Mtungi huo ulikuwa wa zamani?"

"Mpya. Ulikuwa safari yake ya kwanza."

Risper alisogeza kiti. Aliuliza polepole, moja baada ya jingine, na Khadro alijibu. Kazi yao ilikuwa hivi. Wanawake waliobaki na ngamia upande wa Shimbirey walijaza mitungi yao, kila mtungi ukiwa umefungwa kitambaa cha rangi ya mwenyewe ili usichanganyike, maana wengi wao hawakusoma. Lori liliileta mjini kabla ya jua kupanda. Khadro alipokea, aliuza, na adhuhuri lori lile lile lilirudi na mitungi mitupu. Hakuna mtungi uliolala mjini. Kulaza mtungi wa mwenzako ni kumnyima kikombe cha kesho.

"Kwa hiyo mtungi wa Jumanne ulirudi porini kabla hatujakukamata."

"Ulirudi. Askari wako walibeba kikapu changu na tumbaku yangu. Mtungi hawakuuliza."

Abdishakur alitazama viatu vyake.

"Uliununua wapi?"

"Kwa Khalif wa Soko Mugdi. Mweupe, mzito, plastiki nzuri. Nilinunua miwili. Mmoja wangu, mmoja wa dada yangu Sadiyo. Ngamia wake alikuwa karibu kuzaa, nikasema akizaa awe na chombo kipya."

"Ilikuwa na harufu?"

"Mbaya. Kama samaki ambaye amekufa, na kama tumbaku. Lakini mtungi mpya una harufu siku zote, ya mafuta au ya sabuni. Ndiyo maana tunafukiza." Alieleza kwa mikono: kijinga cha moto cha mti wa porini kinatiwa ndani ya chombo, moshi unafungiwa humo, maziwa hayaharibiki njiani na yanapata ladha ambayo mteja anaipenda. "Mwingine anafukiza mara moja. Mimi nilifukiza mpaka nikaridhika. Wangu na wa Sadiyo. Ukinusa ulikuwa unasikia moshi tu, mtamu. Muulize mtu yeyote kama Khadro anauza maziwa ya chombo kichafu."

Risper aliinuka kitini.

"Ule wa Sadiyo uko wapi?"

"Kwake. Hajautumia. Anangoja ngamia."

*

Soko Mugdi lilikuwa limefunikwa kwa mabati na magunia mpaka mchana ukafanana na magharibi. Khalif alikaa nyuma ya mlima wa mitungi ya manjano, ile ya mafuta ya kupikia, iliyofika mjini kutoka kambi za Dadaab baada ya wakimbizi kupokea mgao wao. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, na alimkaribisha Risper kama mteja.

"Mama bolisi! Karibu. Leo nakupa mtungi bei ya shemeji."

"Natafuta ile myeupe."

Uchangamfu ulipungua kidogo. "Myeupe imekwisha."

"Uliitoa wapi?"

"Mtu aliniletea."

"Mtu gani?"

"Mtu wa lori. Dunia imejaa watu wa lori, mama."

Risper hakubishana. Aliomba maji, akachukua mtungi mmoja wa manjano. Khalif aliapa kwamba ulikuwa umeoshwa kwa mchanga na sabuni. Risper aliujaza maji kidogo, akautikisa, akayamwaga. Maji yalitoka safi. Akarudia. Yakatoka safi tena.

"Umeona? Kioo!" alisema Khalif. "Hata maiti unaweza kuogesha."

Kisha Risper akauinua juu, akaugeuza kichwa chini kabisa, kishikio kikielekea ardhini, akautingisha kama mtu anayegombea tone la mwisho. Kitambo hakikutoka kitu. Halafu, kutoka ndani ya kishikio, ambacho kilikuwa na uwazi kama mfupa, ukateremka ulimi wa mafuta mazito yenye punje za mchanga, ukadondoka kwenye vumbi.

Abdishakur alichuchumaa, akagusa mafuta yale kwa kijiti. "Yalikuwa humo muda wote."

"Maji ya kuoshea hayafiki," alisema Risper. "Yanapita chini yake. Maziwa pia yanapita chini yake, mtungi usipojazwa mpaka shingoni. Moshi unakifikia, unakausha kilichomo na kukigandisha. Anayepimiwa mwanzo hapati kitu. Anayepimiwa katikati hapati kitu." Aliweka mtungi chini. "Khalif, ile myeupe ilikuwa na picha gani?"

Khalif alitazama huku na huku. Wauzaji jirani walikuwa wakisikiliza.

"Ilikuwa na karatasi," alisema kwa sauti ndogo. "Na kichwa cha maiti, na mifupa. Mimi nilikwangua kwa kisu. Nani ananunua mtungi una picha ya maiti? Nilifikiri ni dawa ya kupe, kitu ya kuosha inaisha. Mama, nimeosha kwa mchanga ya mto! Mikono yangu iliwasha siku nzima, nilitapika, lakini nimeosha."

"Ilitoka wapi?"

"Shamba moja la tikiti juu ya mto. Lilikufa zamani, mwenyewe alikimbia. Store imevunjika mlango."

"Ilikuwa mingapi?"

"Si mingi. Khadro amenunua. Mingine amechukua mtu wa lori ya Liboi."

"Jina lake?"

"Mtu wa lori," alisema Khalif, na safari hii alikuwa anasema kweli.

*

Inspekta Mkuu Kioko alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyelala vibaya tangu ahamishiwe huku kutoka Machakos, na feni ya ofisi yake ilikuwa haizunguki.

"Khalif atasema haya mbele ya hakimu?"

"Ameshakana," alisema Risper. Ilikuwa kweli. Katika mwendo mfupi kutoka sokoni hadi kituoni, Khalif alikuwa amepata wazee wawili wa ukoo wake na akapoteza kumbukumbu yake yote. Sasa hakujua mtungi mweupe, hakujua shamba la tikiti, na mikono yake ilikuwa mizima.

"Na mtungi wenyewe?"

"Uko Shimbirey. Lakini umeshatingishwa. Kilichokuwa kwenye kishikio kiliingia kwenye chai ya Bishara. Tangu hapo umeoshwa na kujazwa kila siku. Mkemia hatakuta kitu."

"Kwa hiyo una hadithi ya mtungi ambao haupo, au upo na hauna kitu." Kioko alijipangusa jasho. "Risper, mimi nakuamini. Unasikia? Lakini watu wa Barre wamekaa upande mmoja wa mji na watu wa Khadro upande mwingine. Hawanywi chai hoteli moja tena. Wakati huyo mama yuko ndani, mji unalala. Nikimtoa kwa sababu ya mafuta uliyoyamwaga sokoni, kesho mimi na wewe tutaokota watu."

"Kuna mtungi wa pili. Haujatumika. Ukija hapa ukiwa na kitu kwenye kishikio, tuna ushahidi."

"Basi ulete kabla ya Jumatatu."

Barabara ya Shimbirey haikuwa na ulinzi siku hiyo. Majambazi walikuwa wamepiga basi jana yake na magari yote yalizuiwa, hata lori la maziwa. Risper alikwenda kwenye chumba cha taar.

Taar ilikuwa redio ya mawasiliano ya mtu binafsi, ndani ya kibanda cha bati nyuma ya msikiti, na ndiyo iliyounganisha mji na kila mahali ambapo simu haikufika. Abdinoor, mwendeshaji, alivaa vifaa vya masikioni siku nzima, akipiga kelele kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Kwa redio ile watu walioana, walitoa talaka, waliuliza bei ya mbuzi.

"Ujumbe wa Sadiyo, dada yake Khadro," alisema Risper. "Mwambie mtungi mweupe asiutumie. Asiuoshe, asiugeuze. Aufunge kitambaa mdomoni aukabidhi kwa mtu wa kwanza anayekuja Garissa. Na Liboi, waambie: mitungi myeupe iliyotoka kwa Khalif isitiwe maziwa wala maji."

Abdinoor aliyatangaza yote kwa Kisomali, mara kadhaa, mkono mmoja ukizungusha kitufe. Shimbirey ilijibu kwa mkwaruzo: ujumbe umefika, kuna mtu atatembea kwenda kwenye kambi ya ngamia, ni mbali, jibu kesho. Liboi haikujibu. Mawingu ya umeme, alisema Abdinoor, au betri yao.

"Endelea kuwaita."

"Nitawaita, afande. Lakini redio si mbuzi, huwezi kuivuta kwa kamba."

*

Jumamosi Risper alikaa kwenye benchi la kibanda kile tangu asubuhi. Watu waliingia, walipiga kelele zao za furaha na za ugomvi, wakatoka. Jua lilipoanza kushuka, Abdinoor alinyanyua mkono kumnyamazisha mteja mmoja, akabana vifaa masikioni. Alisikiliza. Akajibu neno moja, akasikiliza tena. Abdishakur, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisikia upande wa huku tu, na ulimtosha. Alisema, "Inna lillahi."

"Nieleze," alisema Risper.

Abdinoor alivua vifaa. "Ngamia alizaa juzi. Mtamba, wamefurahi sana, ukame huu wote. Jana asubuhi Sadiyo amefungua mtungi mpya. Maziwa ni machache bado, lakini ameita majirani, kila mtu anywe kidogo, ndiyo desturi ya furaha. Watoto wamekunywa, majirani wamekunywa. Wote wazima."

"Na yeye?"

"Yeye alimimina ya kwake baada ya wote. Amegeuza mtungi." Abdinoor alikunja waya wa redio kidoleni. "Wamemzika jana jioni. Mtu wetu amefika na ujumbe, amekuta wanafukia."

Risper aliuliza kama kuna maziwa yaliyobaki, tone lolote, chungu, kikombe. Abdinoor alirudi redioni, akauliza, akangoja. Hapakuwa na kitu. Wanawake walikuwa wamekwisha osha vyombo vyote kwa ajili ya waombolezaji. Mtungi mweupe walikuwa wameujazia maji, na yule aliyetumwa alikuwa amerudi nao hivyo hivyo.

"Waumwage," alisema Risper. "Wautoboe. Waambie sasa hivi."

Alingoja mpaka aliposikia kwamba umetobolewa. Kisha aliomba Liboi waitwe tena. Abdinoor aliita mpaka sauti ikamkauka. Liboi haikujibu.

*

Kioko alikuwa amekwisha pata habari. Katika mji ule habari haikungoja afisa. Alikuwa amesimama kwenye korido ya seli na faili mkononi.

"Khadro alikuwa hapa ndani jana," alisema Risper. "Chini ya kufuli yetu. Dalili ni zile zile, mtungi ni wa mzigo ule ule, aliyekufa ni aliyemalizia. Huu ndio ushahidi."

"Na mtungi huo, Sadiyo alipewa na nani?"

"Na Khadro. Kama zawadi."

"Nani aliufukiza?"

"Yeye pia."

"Mimi najua unachosema," alisema Kioko, si kwa ukali. "Lakini nikikiandika kitasomeka hivi: alitoa mitungi miwili, na kila mtungi umeua. Nenda ukamwambie yaliyompata dada yake. Hilo angalau lisitoke kwa mtu mwingine."

Abdishakur ndiye aliyesema, kwa Kisomali, akiwa amechuchumaa ndani ya seli mbele ya Khadro. Khadro hakulia kwa sauti. Alishika magoti yake, akauliza swali fupi, akajibiwa. Akauliza jingine. Abdishakur aligeuza uso.

"Ameuliza kama dada yake alikunywa wa mwisho," alisema. "Nimemwambia ndiyo."

Khadro alimtazama Risper. "Andika," alisema kwa Kiswahili.

"Niandike nini?"

"Mimi nimeua. Andika. Wewe ni inspekta, karatasi yako inakubalika kortini, wamenieleza humu ndani. Andika."

"Hukuua, Khadro. Tunajua kilichoua. Kilikuwa ndani ya kishikio, usingeweza kukiona."

"Nilisikia harufu." Alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Mtungi ulikuwa unasema, mimi mbaya. Mwanamke mvivu angefukiza mara moja, harufu ingebaki. Sadiyo angenusa, angetupa. Bishara angenusa, angenitukana mbele ya soko, angekwenda kwa mwingine. Mimi nimefukiza mpaka mtungi umenyamaza. Nani mwingine amefanya hiyo? Khalif? Hapana. Andika."

"Siandiki."

"Basi nitaandika mimi," alisema Kioko mlangoni.

Aliingia akivuta kiti kwa mguu, akakaa, akafungua faili juu ya goti lake. Risper alisema kwamba maneno ya mtu aliyefiwa saa hiyo hiyo si maungamo. Kioko alisema hakimu ataamua. Risper alisema ataandika taarifa yake mwenyewe, yenye gilasi, kishikio, shamba la tikiti na yote. Kioko akasema aandike, ataituma katika bahasha moja na hii, kwa mkono wake. Risper alijua angeituma. Alijua pia ni karatasi ipi itakayosomwa kwanza.

"Jina kamili," alisema Kioko.

Khadro alikuwa ametazama ukuta, na midomo yake ilikuwa ikisogea, kama mtu anayepanga kazi za siku. Kisha alisema kitu kwa Kisomali, haraka, kwa wasiwasi, na akamgeukia Abdishakur akisubiri.

Abdishakur alimgeukia Risper.

"Anasema nini?" aliuliza Kioko, kalamu juu ya karatasi.

"Anauliza ngamia wa dada yake, afande. Aliyezaa. Anauliza sasa anakamwa na nani."

Kioko alimtazama Risper. Risper hakujua. Alikuwa amekaa kwenye taar ile mchana kutwa, na hilo hakuliuliza.

"Jina kamili," alisema Kioko tena, kwa upole zaidi, na Khadro akalitaja.